Shangazi, Zawadi ya Malukhu Haikufika

Shangazi yangu uliye Arua,

Najua barua hii utasomewa na Halima, kwa kuwa macho yako na maandishi yangu madogo hayajawahi kupatana. Halima, dada yangu, tafadhali usiruke mstari hata mmoja, hata ukifika mahali utakapotaka kunitetea.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunihurumia upesi mno. Ningevuta pumzi tu, nawe ungesema, "Basi, mwanangu, yamekwisha," nami ningenyamaza tena, kama nilivyonyamaza kwa miaka miwili. Barua haikatizwi. Utaisikia yote.

Jambo lenyewe nalisema sasa hivi ili usikae na wasiwasi. Zawadi yako ya Krismasi kwa Mwalimu Nambozo wa Malukhu haikumfikia. Nilikuambia ameipokea na amefurahi. Haikuwa kweli. Na sababu ya yeye kunyamaza baada ya hapo ni mimi. Si wewe, wala si yeye.

Sasa nipe nafasi nieleze, kwa sababu bila maelezo utadhani niliiangusha njiani.

Unakumbuka ilivyokuwa dukani kwetu Jinja kila mwezi wa kumi na moja. Sare za shule zilikuwa zimeanza kupungua mezani, nawe ulikuwa ukikanyaga cherehani huku ukiuliza hewa, "Huyu tumpe nini?" Nilikuja kuishi kwako nikiwa darasa la tano, Baba alipohamia Kampala, na kwa muda mrefu nilidhani unaniuliza mimi. Nilijibu kila mara. "Mpe sabuni." "Mpe sukari." Wewe ulitikisa kichwa na kuendelea kukanyaga. Siku nyingine ulikuwa unamfikiria mteja mmoja kuanzia sketi ya kwanza hadi ya kumi.

Krismasi haikuwa sikukuu yetu, lakini ilikuwa yao, na hilo lilikutosha. Bwana Kanti wa kinu cha mafuta, aliyekuwa akikuagiza maovaroli ya wafanyakazi wake, zawadi yake ilitangulia, wakati wa Diwali. Ulimpelekea iliki na lozi ndani ya mfuko wa hariri ulioushona mwenyewe. Hukumpelekea keki kamwe, maana keki ina mayai naye hali mayai. Mkuu wa shule ya Buwenge alipata jogoo mwekundu kila mwaka, kwa sababu aliwahi kukuambia kwamba jogoo mweupe huwika bila adabu. Nilicheka, lakini wewe hukucheka. Uliliweka kichwani jambo hilo kama unavyoweka kipimo cha kiuno cha mtu.

Mimi, nilipoingia sekondari, nikaona mambo yako ni ya kizamani. Nilikushauri tuchapishe kalenda zenye jina la duka, moja kwa kila mteja, zote sawa.

"Kalenda ni kitu ya benki," ulisema. "Mtu anatundika kwa ukuta, anasahau nani alimpa."

"Kitu *cha* benki, Shangazi."

"Haya, afande wa Kiswahili. Kitu cha benki. Lete makasi."

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolijutia, ingawa ni dogo. Nilikusahihisha sana. Ulisema "ile viatu," nikasema "vile viatu." Ulisema "mimi iko nakuja," nikasema hakuna kitu kama hicho. Mwalimu wetu wa lugha alitoka ng'ambo ya mpaka wa Busia, na Kiswahili chake kilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Nilikuwa wa kwanza darasani katika somo lake. Wenzangu wengi walilikimbia, wakasema ni lugha ya kambini, ya askari, lakini mimi ni mtoto wa Kinubi, mjukuu wa askari. Nilikunywa lugha hiyo pamoja na uji nyumbani kwako, halafu nikarudi kukuambia kwamba uji wako una mawe. Nisamehe kwa hilo kwanza.

Mwaka ule ulianguka kwenye ngazi za baraza ukavunjika kifundo cha mguu, wiki mbili kabla ya Krismasi. Nilikuwa kidato cha pili, shule zimefungwa. Ulilala kitandani ukihesabu kwa vidole wateja ambao hawajapata zawadi, mpaka nikasema nitazipeleka mimi. Ulinitazama muda mrefu. Kila mwaka ulizipeleka mwenyewe, mlango kwa mlango, na hukuandika kitu chochote juu yake. Ulikuwa ukisema zawadi ina mdomo wake, na mdomo wake ni mtu aliyeileta.

Nikakuomba ruhusa nifunge kila zawadi ndani ya sanduku la karatasi ngumu na kuandika maneno juu yake. Nilisema nitakuwa mdomo mzuri zaidi nikiwa na kalamu. Ulicheka, ukakubali. Kisha ukaniita nirudi.

"Ile ya Malukhu hapana andika. Peleka kwa mkono. Salimia, kaa chini, kunywa chai, rudi."

"Kwa nini hiyo tu?"

"Hapana andika, Zainabu."

Nilisikia. Wala sitasema nilisahau. Nilidhani ni kwa sababu hukuenda shule sana na unamwonea aibu Mwalimu Nambozo, mtu aliyesoma, mwenye shule ya chekechea uani kwake. Nilidhani ninakusaidia. Niliwaza kwamba mwalimu ndiye hasa atakayefurahia maandishi ya mwanafunzi.

Zawadi yake ndiyo uliyoifikiria kuliko zote. Ulikuwa umemwona akipiga magoti sakafuni kuwafunga watoto kamba za viatu, akasimama kwa kushika ukuta. Basi ukamshonea mto wa magoti. Uliutengeneza kwa vipande vya zambarau vilivyobaki kwenye sare za shule yake, mwaka baada ya mwaka. Kitambaa kile hakikuwahi kuja rangi moja mara mbili, kwa hiyo mto ulikuwa na zambarau ya bilinganya, zambarau ya jioni, na moja iliyopauka ambayo ulisema ni ya mwaka ambao muuza vitambaa alitudanganya. Uliujaza sufi kwa mikono yako, mguu ukiwa juu ya kigoda.

Niliutia ndani ya sanduku. Tulikuwa tumetoka kusoma sentensi za kuamuru shuleni, nami nilizipenda kwa sababu ni fupi na zina nguvu. Juu ya kila sanduku niliandika neno moja kwa wino mwekundu, herufi kubwa, na alama ya mshangao: FUNGUA! Chini yake, kwa herufi ndogo, salamu zako za sikukuu. Niliwaza kwamba mtu akisoma hivyo ataruka kwa hamu kama mtoto.

Buwenge nilienda kwanza. Mwaka huo, kwa kuwa mimi naogopa kuku, ulimshonea mkuu wa shule tai mbili. Alisoma sanduku, akainua mikono yote miwili juu.

"Nimejisalimisha, afande! Mke wangu hayupo, nichukue mimi peke yangu!"

Walimu wenzake wakacheka mpaka wakashika meza. Nilicheka nao. Nilidhani ananisifu.

Kesho yake nikapanda basi la Mbale. Pale kituoni nilimwambia mwendesha boda kwa lugha yangu safi, "Nipeleke Malukhu, tafadhali, na uendeshe polepole." Akaniuliza, "Weye afande ya wapi, mdogo hivi? Unaenda kamata nani?" Mara mbili katika siku mbili niliitwa jina hilo, Shangazi, na sikujiuliza hata mara moja kwa nini Kiswahili changu kinawachekesha watu kwa namna ile ile.

Mwalimu Nambozo alinipokea kama mjukuu. Tuliongea Kiganda. Binti yake, Khainza, alileta chai na karanga za kukaanga. Aliuliza habari za mguu wako, akaniambia nikukataze kukanyaga cherehani kabla ya mfupa kushika. Kisha nikampa sanduku kwa mikono miwili, nikiwa nimepiga goti kama ulivyonifundisha. Aliliweka mapajani. Alitafuta miwani, akaivaa, akasoma.

Mkono wake ulikuwa umeanza kushika utepe. Ukaacha.

"Nani ameandika?"

"Mimi," nilisema, nikitabasamu.

"Una maandishi mazuri."

Alisema hivyo tu. Aliliweka sanduku mezani, akamwambia Khainza maneno mawili kwa Kimasaba, lugha yao, akaingia ndani. Nilisikia kitanda kikilia. Nikangoja. Chai yangu ikapoa. Baadaye Khainza alilichukua sanduku, akanisindikiza mpaka barabarani, akanirudishia.

"Mama haelewi kwa nini Shangazi yako amefanya hivi," alisema. "Hata mimi sielewi."

Nikamwambia sijui nimekosa nini. Alinitazama usoni, nadhani akaona kwamba kweli sijui, kwa sababu sauti yake ilibadilika.

"Baba alikuwa mezani, anakula. Ilikuwa mchana, jua kali. Askari waligonga, wakasema neno moja tu, kwa Kiswahili. Hilo uliloandika. Mimi nilikuwa bado tumboni. Mama ndiye aliyewafungulia."

Baba yake hakurudi tena.

Nilirudi Jinja na sanduku mapajani, neno langu likiwa limetazama chini. Ningeweza kukuambia jioni ile ile. Mguu wako ulikuwa juu ya kigoda, na uso wako umekaa tayari kusikia.

"Alisema nini?"

"Alifurahi sana. Alisema Mungu akubariki."

"Na mto?"

"Aliupigia magoti hapo hapo kuujaribu."

Ulicheka, Shangazi. Ulipiga paja lako ukacheka. Nimejaribu kukisahau kicheko hicho, kwa kuwa mimi ndiye niliyekitengeneza kwa uongo. Mto niliuficha chini kabisa ya sanduku langu la shule, na lile la karatasi nikalichanachana nikalichoma.

Mwezi wa kwanza ukaja. Ulikuwa umekwisha kukata kola nyeupe za shule ya Malukhu, kama kila mwaka. Ulingoja. Ulipiga simu, haikupokelewa. Ulipiga tena, ukaambiwa namba hiyo haipo. Mwishowe alasiri moja nilikuwa napiga pasi nyuma ya pazia, nawe ukasema, si kwangu, ulisema kwa cherehani: "Kumbe hata yeye. Miaka yote ile aliniona mtoto ya askari tu."

Sikukusahihisha. Siku hiyo ndiyo niliyopaswa kukusahihisha.

Halafu mguu haukupona sawasawa, mwenye jengo akataka kulikarabati, nawe ukaenda Arua kwa dada yako. Kila tulipozungumza kwa simu nilisema nitakuambia safari ijayo. Niliposema mwaka huu kwamba shule yetu itashiriki mdahalo Mbale, ulijibu, "Huko sina mtu," ukabadilisha habari. Nililala na maneno hayo wiki nzima.

Kwa hiyo mwezi uliopita, mdahalo ulipokwisha, nilimwomba mwalimu wa zamu saa moja. Nilikuwa nimebeba mto ndani ya mkoba wangu, bila sanduku, bila karatasi. Nilienda Malukhu kwa miguu.

Nataka ujue kwanza nilichokiona uani. Watoto walikuwa wanacheza, na wote walikuwa wamevaa sare zako. Nilizijua. Pindo zimefunguliwa zikateremshwa, zina mstari mweusi pale zilipokunjwa zamani. Kola zimegeuzwa upande wa pili. Mtoto mmoja alivaa gauni lenye viraka viwili vya kitambaa cha pazia. Hakuna hata sare moja mpya iliyoshonwa na mtu mwingine tangu mwaka ule.

Mwalimu Nambozo alikuwa kwenye kiti kirefu, kivulini mwa ukuta. Amepungua. Alinitazama sana kabla ya kunijua.

"Wewe ndiye mwenye maandishi mazuri."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nikapiga magoti, nikamwambia yote. Kwamba wewe ulinikataza kuandika. Kwamba nilidhani najua zaidi. Kwamba hukuliona sanduku lile hata siku moja, na kwamba nilikudanganya, na kwamba wewe uko Arua ukiamini alikuacha kwa ajili ya kabila na kazi ya baba yako. Hakunikatiza. Khainza aliacha kupepeta maharage.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja. "Hakuliona?"

"Hakuliona."

Alifumba macho muda mrefu. Khainza akaniambia kwamba simu yao ilitumbukia kwenye pipa la maji mwezi ule ule, namba zote zikapotea. Lakini Mwalimu akasema, "Usinitetee. Ningeweza kupanda basi." Kisha akanisimulia jambo ambalo wewe hukuwahi kunisimulia.

Alisema mara ya kwanza ulipofika Malukhu na sampuli zako za sare, ulibisha hodi kwa Kiswahili, ukasema wewe ni fundi kutoka Jinja. Hakukufungulia. Alikutazama dirishani mpaka ukaondoka. Wiki iliyofuata ukarudi, ukasimama mbali na mlango, pale watu wa barabarani wanapoweza kukuona, ukasema "Mulembe," salamu ya kwao. Ulikuwa umejifunza Kimasaba kwa muuza nyanya wa Mbale aliyekuwa soko la Jinja. Ulikisema vibaya mno. Alisema ulitaka kusema umemletea nguo za watoto, ukasema umemletea watoto wa nguo, naye akacheka peke yake nyuma ya mlango, kisha akaufungua.

"Tangu siku hiyo," aliniambia, "shangazi yako hajatamka neno moja la Kiswahili ndani ya uzio huu. Hata alipojichoma sindano. Simu yake ikilia na ni mtu wa kwao, alikuwa anatoka nje mpaka barabarani kuongea. Sikumwomba kamwe. Hatukuwahi kuzungumza habari hiyo. Niliposoma sanduku lile nilifikiri amechoka kunitunza hivyo."

Mimi nilidhani kwamba wewe huchagui maneno vizuri, Shangazi. Miaka yote ile ulikuwa unachagua, tena mlango kwa mlango, na mimi nilikuwa nakuhesabia ngeli.

Nikautoa mto nikampa. Aliupokea akaukagua kipande kwa kipande, kidole chake kikapita juu ya kila rangi. Alikitambua hata kile cha mwaka tuliodanganywa. Kisha akaurudisha mikononi mwangu.

"Huu si wako kunipa," alisema. "Wewe ulikwisha kunipa chako."

Alisema hivyo bila ukali. Aliponiaga alinishika kichwa, kama wewe unavyofanya. Lakini njia nzima hadi mahali basi la shule lilipokuwa nilijua kwamba nilichokivunja hakiwezi kuungwa na mimi, hata nikiomba msamaha kwa lugha zote ninazozijua. Ninachoweza ni kukuambia ukweli, na nimechelewa miaka miwili kuusema.

Nitamaliza mitihani ya kidato cha nne mwaka huu. Bado nakipenda Kiswahili, na nikijaliwa ningependa kukifundisha. Ila nimejiahidi kwamba kabla sijamsahihisha mtu nitamuuliza kwanza neno hilo alilipata wapi.

Mto ninao. Sitautuma kwa basi, wala sitaupeleka. Ukisema nikuletee Arua, nitauleta likizo ikianza. Ukisema unataka tukutane Mbale, Baba amekubali kukusafirisha, nimemwambia yote na yeye pia. Ukisema hutaki kuniona kwa sasa, nitampa Baba.

Mwalimu anamkabidhi Khainza shule mwisho wa mwaka. Magoti yamekataa kabisa. Siku hizi anasali akiwa amekaa. Hakunituma nikuambie lolote. Nilimuuliza kama ana ujumbe, akasema ujumbe wa kwako anautaka kwa mdomo wako, na kwamba Kimasaba chako kibovu anakikosa. Namba mpya ya simu yao nimeiandika kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha hii. Khainza huwa karibu na simu alasiri, watoto wakishaondoka.

Halima, msomee sehemu hii mara mbili. Shangazi, usinipigie mimi kwanza. Kunikasirikia kunaweza kungoja. Mimi ni mdogo, nitakuwepo. Mpigie yeye.

Wako aliyekukosea,
binti wa kaka yako,
Zainabu